Waya Niliouweka Mahali pa Fyuzi

Kazi moja ningeikataa kama ningepewa nafasi ya pili. Asubuhi moja, katika gereji yetu ya Msambweni, baba mkwe wangu aliniomba niondoe fyuzi iliyokuwa ikiungua kila mara kwenye pikapu yake, na mahali pake niweke kitu kisichoungua, nami nikachagua kipande cha waya wa shaba. Nilikiweka. Haikunichukua dakika tano, na mikono yangu ilijua ni kosa tangu nilipoushika ule waya.

Mwalimu wenu wa umeme wa magari, Bi Nimwaka, ndiye aliyeniomba niwaandikie ninyi mnaoanza. Aliniambia niandike mambo ya kazi. Nikamwuliza kama na makosa ni mambo ya kazi.

"Babu," akasema, "hayo mengine yamo vitabuni. Makosa ndiyo ninayoyataka."

Basi niwape nilicho nacho. Mimi ni mzee sasa, macho hayaoni tena rangi za nyaya ndani ya dashibodi, na vidole vinatetemeka. Lakini nimeishi kwa kazi hii tangu nilipomaliza kidato cha nne, imenilea, imewasomesha wanangu, na watu niliokutana nao kwayo ni zawadi ambayo sikuistahili. Nitawaeleza habari za watu hao, kisha nitarudi kwenye waya.

Mkubwa wao ni Musyoka. Alikuja pwani kutoka Ukambani kutengeneza umeme wa magari ya hoteli moja pale Diani, nami nilikuwa nimeajiriwa kufagia karakana hiyohiyo. Siku ya kwanza aliponiruhusu kushika kitu, aliniambia nifunge betri kwenye basi dogo la wageni. Nikaifunga kinyume, chanya kwa hasi. Palitoka cheche, kisha moshi. Nilijua nimefukuzwa.

"Umeona moshi?" Musyoka akauliza.

"Nimeuona."

"Na harufu umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi umesoma somo la wiki nzima kwa dakika moja. Sasa chukua fagio."

Hakunisema kwa meneja. Alikaa siku mbili akitengeneza nilichokiunguza, nami nikimshikia taa, na kila waya alioubadilisha alinieleza unatoka wapi na unakwenda wapi. Aliniambia nichore kwenye daftari. Daftari lile lilijaa, nikanunua la pili, na la tatu. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, tuliondoka pamoja tukafungua gereji yetu Msambweni, yeye Mkristo wa bara na mimi Mdigo wa hapahapa. Mwezi wa Ramadhani alikunywa chai yake nyuma ya lori ili asinitamanishe. Desemba alipokwenda kwao, nilimtunzia zana zake kama amana. Hatukugombana ila kwa neno moja, nalo nitalifikia.

Musyoka alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Mwenye gari akifika hakufungua boneti. Alimpa mtu kiti, akaketi mbele yake, akamwambia, "Haya, hebu niambie. Anza mwanzo." Mtu ana haraka, gari linamzimikia njiani, na fundi anataka hadithi! Mimi mwenyewe nilidhani ni uvivu. Kwangu fundi hodari alikuwa yule ambaye mikono yake imo ndani ya injini kabla mteja hajamaliza salamu. Nilifikiri hivyo mpaka alipokuja Mzee Salimu wa Tiwi.

Mzee Salimu alikuwa mshika funguo wa msikiti wa kijijini kwao. Alifika siku ya Jumamosi, Musyoka akiwa hayupo, akanipa malalamiko ambayo sijawahi kuyasikia tena.

"Fundi, gari hili halitaki Ijumaa."

"Vipi, mzee?"

"Siku sita linakwenda kama saa. Ijumaa nikitoka nyumbani linazimika barabarani. Nawasha, linawaka. Kwenye shimo linalofuata, linazimika. Nikifika msikitini watu wamekwisha kujazana mlangoni wananingoja."

Nilicheka moyoni. Nikamwekea koili mpya, ile inayozipa plagi moto, nikamwambia limepona. Jumamosi iliyofuata akarudi. "Limezimika tena." Nikabadilisha plagi zote. Akarudi. Nikabadilisha nyaya za plagi. Akarudi, safari hii na kaka yake, ambaye alikuwa na rai kwamba gari lisomewe dua, maana bila shaka lina jini. Kwa bahati Musyoka alikuwapo.

"Mzee," Musyoka akasema kwa utaratibu, "pengine ni gari la Kikristo."

Yule kaka alikunja uso, lakini Mzee Salimu alicheka mpaka akashika mbavu. Musyoka akamvutia kiti.

"Ijumaa unafanya nini ambacho Alhamisi hukifanyi?"

"Naoga josho la Ijumaa."

"Na nini tena?"

"Navaa kanzu."

"Na gari je?"

"Gari halivai kanzu, Bwana Musyoka."

"Hebu nionyeshe ufunguo wake."

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kitita kilichotoa mlio kama wa minyororo. Kilikuwa na ufunguo wa gari, na pamoja nao ufunguo wa mlango mkubwa wa msikiti, chuma kizito cha zamani cha urefu wa kiganja, na wa stoo, na wa tangi la maji, na wa chumba cha jeneza.

"Hizi zote huzibeba kila siku?"

"La. Huziacha kwenye msumari ukutani. Ijumaa tu nazifunga na wa gari, nisije nikazisahau."

Musyoka akaingia garini, akawasha, akauacha ule mzigo wa funguo ukining'inia chini ya usukani. Kisha akautikisa kwa kidole kimoja. Injini ikazimika. Swichi ilikuwa imelika kwa ndani, na kila shimo la barabara lilipozirusha funguo za msikiti, zilivuta swichi na kukata umeme.

"Subhanallah," akasema Mzee Salimu. "Kumbe jini lenyewe ni mlango wa msikiti!"

"Wewe!" kaka yake akamkemea. "Chunga ulimi!"

Tulibadilisha swichi, na Musyoka akampa kamba azivae zile funguo shingoni. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimembadilishia mzee wa watu vitu vitatu vizima, kwa sababu nilisikia neno "Ijumaa" nikaliona la kijinga. Lile neno ndilo lilikuwa na jawabu lote.

Kwa hiyo, wanangu, mteja akikwambia jambo ambalo halina maana, usilitupe. Mwulize linatokea lini, wapi, kukiwa na jua au mvua, akiwa na mzigo au mtupu, akiwa peke yake au na nani. Hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka haipatikani kwa kufungua skrubu. Unaipata kwa kusikiliza kwanza.

Na mwingine aliyejua kusikiliza alikuwa mke wangu, Mwanasha. Aliuza chai na mahamri kwenye mlango wa gereji. Dereva mmoja kijana wa hoteli, aliyetoka Nairobi, alikuwa akija kila baada ya siku chache.

"Fundi, hii gari inanitesa, aki! Asubuhi inakohoa kama mzee wa sigara. Ikifika saa nne, iko sawa tu. Wageni wananicheka."

Nilijua chumvi ya bahari hula viungo vya umeme huku kwetu, basi nikasafisha viungo vyote. Nikasafisha tena. Kikohozi kikabaki. Jioni moja nikamlalamikia Mwanasha nyumbani. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akauliza, "Yule ambaye suruali yake imelowa hadi magotini kila akija kunywa chai?"

Sikuwahi kuiona suruali ya yule kijana. Kesho yake nilimwuliza. Kumbe meneja wake alipenda magari yang'ae, naye kila alfajiri aliiosha injini kwa mpira wa maji wa kumwagilia bustani ya hoteli. Maji yaliingia penye kugawa moto wa plagi, na yalichukua mpaka saa nne kukauka. Nikamwambia aache. Kikohozi kikaisha siku ileile. Alinunua sinia zima la mahamri, akampa Mwanasha salamu zote za Nairobi.

Siku hizi mna vifaa vya kusoma kompyuta ya gari. Bi Nimwaka alinionyesha chake mara ya kwanza, nami nikakishika juu chini, akanigeuzia mkononi bila kunicheka. Namshukuru kwa hilo. Ni kifaa kizuri kweli, ningekipata ujanani nisingepoteza siku nyingi chini ya dashibodi. Lakini nimewaona vijana wakisoma humo "koili ya tatu", wakabadilisha koili ya tatu, na wiki inayofuata koili ya tatu imekufa tena, kwa sababu maji ya mvua yanadondokea palepale kutoka chini ya kioo. Kifaa kilisema kweli, koili ilikuwa imekufa. Hakikuulizwa nini kinaiua.

Na mteja akirudi kulalamika, mshukuruni. Najua inauma. Mtu anasimama mlangoni mbele ya wengine, anasema, "Fundi, si ulisema imepona?" Unatamani ardhi ikufiche. Lakini aliyerudi kukulalamikia bado anakuamini. Amepita gereji nyingine njiani akaja kwako. Ogopa yule aliyenyamaza.

Sasa nirudi kwa baba mkwe.

Mzee Bakari alikuwa mkulima wa Kikoneni, na pikapu yake kuukuu ndiyo iliyobeba mihogo na nazi zake hadi soko la Kombani. Taa za breki na honi zilitumia fyuzi moja, na fyuzi hiyo ilikuwa imeungua mara mbili kwa muda mfupi. Mara zote mbili niliweka nyingine tu, nikamwambia imepona. Fyuzi mnajua kazi yake. Ni kijiwaya chembamba kilichotengenezwa kiungue, ili nyaya nyingine zisiungue. Ikiungua inakwambia kuna mahali umeme unatoroka. Mimi nilimnyamazisha mpiga kelele bila kumwuliza anapiga kelele ya nini.

Mara ya tatu alifika mapema asubuhi, mzigo umejaa nyuma, mama mkwe ameketi mbele na buibui yake. Ilikuwa Desemba, Musyoka yuko kwao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi." Aliponiita fundi nilijua amekasirika. Siku nyingine huniita mwanangu. "Honi imekufa tena. Na walio nyuma yangu hawajui nikipiga breki. Jana basi limeniparuza."

"Baba, kuna waya umechubuka mahali, unagusa bodi ukipakia mzigo. Niachie gari mpaka alasiri niutafute."

"Alasiri soko litakuwa limekwisha. Kwani hapana kitu unachoweza kuweka kisichoungua?"

"Kipo, baba, lakini…"

"Basi kiweke. Nikirudi nitakuachia gari siku mbili."

Ile "lakini" ilibaki mdomoni. Mnaotoka kwetu mnajua. Baba mkwe humkatalii usoni, tena mbele ya mama mkwe ambaye hata kumtazama sana ni utovu wa adabu. Mtu mwenye akili husema "inshallah", kisha akapotea hadi jioni. Nami nilikuwa na gari la kumwazima, la Musyoka lilikuwa palepale uani na ufunguo ninao. Sikulifikiria. Nilikata waya wa shaba, nikaukunja, nikauchomeka. Honi ikalia. Mzee akatabasamu, akaniita mwanangu.

Walipita Ukunda salama. Baada ya Tiwi, mama mkwe alisikia harufu ya plastiki. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, nyaya zote zilizokaa pamoja na ule uliochubuka zikashika moto. Mzee alisimamisha pikapu kando ya barabara, akamvuta mkewe nje, akarudi kuokoa mzigo, watu wakamshika. Hakuna aliyeungua, alhamdulillahi. Pikapu ilibaki mifupa, na mihogo ikachomeka pale barabarani, watoto wakaila.

Kwa kila aliyeuliza, Mzee Bakari alisema panya walikula nyaya. Alisema hivyo sokoni, msikitini, na kwenye matanga. Baada ya wiki mbili sikuweza kuvumilia, nikaenda Kikoneni.

"Baba, hawakuwa panya."

"Najua."

"Mbona basi unawaambia watu…"

"Wewe ni mume wa mwanangu. Nikisema ni wewe, aibu itakwenda kulala nyumba gani?" Akanimiminia kahawa. "Kunywa. Yamekwisha."

Usiku uleule nilimwambia Mwanasha ukweli, na Musyoka aliporudi naye nikamweleza yote. Hapo ndipo tulipogombana, kama nilivyowaambia. "Mimi si mkwe wake," alisema, na sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ungesema Musyoka amekataza! Ungenitupia mimi lawama, zingenidhuru nini?" Kisha akatoka nje akakaa peke yake. Alikuwa sahihi. Ukishindwa kusema hapana kwa kinywa chako, azima kinywa cha mwenzako. Musyoka amekwisha kufariki, Mungu ampokee, na sijapata tena mtu aliyejitolea kulaumiwa kwa ajili yangu.

Mzee Bakari alinunua gari dogo baada ya miaka kadhaa. Hakulileta kwangu. Nilijiambia ni heshima, hataki kunisumbua. Tulikula naye Idi zote, alinitania, aliwabeba wanangu mabegani. Lakini hakunilalamikia tena juu ya kitu chochote, hata taa ya tochi. Sikutaka kuelewa maana yake.

Kisha ikaja asubuhi aliyoanguka uani kwake. Upande mmoja wa mwili ulikuwa hausogei, na maneno hayatoki. Mwanasha alikuwa kule, alikuwa amekwenda kuwasalimu wazazi wake. Tulikuwa tumefuatana naye, na mimi nilibaki palepale Kikoneni, kwa mwenye lori la mahindi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Walimlaza mzee kwenye gari lake, jirani akageuza ufunguo, na gari likagoma. Hakukuwa na gari jingine karibu, na kwa pikipiki mtu wa hali ile habebeki.

Mwanasha alimpigia simu fundi mwingine wa Msambweni. Alikuja kwa pikipiki, ikachukua karibu saa nzima. Alikuta waya wa betri unaofungwa kwenye bodi umelegea kwa kutu. Akaukwangua, akaukaza, gari likawaka. Mzee Bakari alifariki njiani, hospitali ikiwa mbele yao kidogo tu. Mimi nilipigiwa simu baada ya hapo, mikono yangu ikiwa ndani ya lori la mtu mwingine.

Tulipomaliza arobaini, nilimwuliza mke wangu. Sikuuliza kwa hasira.

"Simu ulikuwa nayo mkononi?"

"Nilikuwa nayo. Jina lako nililiona, nikalipita."

"Kwa nini, Mwanasha?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilimfikiria mama akivutwa kutoka kwenye moto." Kisha akalia, akaniomba radhi, yeye kuniomba mimi.

Sijui kama mzee angepona. Daktari hakusema, nami sikuwa na moyo wa kumwuliza. Mke wangu hajawahi kunilaumu, bado tunakula pamoja na kucheka pamoja, na kila nikiamka namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa baba yake aliyenisitiri mpaka mwisho. Lakini mmeniomba mambo ya kazi, na hili nalo ni la kazi. Waya ule wa sentimita kumi na kitu ulinigharimu imani ya mke wangu katika kazi ya mikono yangu. Na kwa kuwa alikuwa haiamini tena, baba yake alilala karibu saa nzima ndani ya gari lililogoma, mimi nikiwa dakika kumi kutoka pale, na kazi yenyewe ikiwa ni kukaza nati moja.